Kisanduku cha babu kutoka Burma: dhahabu, vioo na utomvu mweusi

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi na kisanduku cha mbao, chembamba, urefu wake kama sentimita 60. Nje kimejaa maua na watu walioinuka juu ya ubao, vyote vya rangi ya dhahabu, na katikati yake vipande vidogo vya vioo vya kijani, vyekundu na vyeupe. Bibi alikitumia kuwekea hati za shamba na kadi za ubatizo. Babu alikuwa akisema kimetoka kwenye jumba la mfalme. Sasa vioo vinadondoka na dhahabu imechakaa. Mjomba, ambaye ni seremala, anataka kubandika vioo kwa supaglu na kukipuliza rangi ya dhahabu ili kiwe kipya siku ya kumbukumbu ya bibi. Nimekutumia picha. Ni kitu gani hasa, na tufanyeje? (Msomaji, Songea)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, mwambie mjomba aiweke ile supaglu kabatini, na hilo kopo la rangi alirudishe dukani kama risiti bado ipo. Simdharau. Seremala akiona ubao uliopakwa dhahabu atafikiria ubao na dhahabu, na hata mimi nilifikiria hivyo kwa miaka. Lakini katika kazi hii ya Waburma ubao ni kiti tu, na dhahabu ni ngozi tu. Kinachoshika vyote, na ndicho kinachochoka kwenye kisanduku chenu, ni kitu cha tatu ambacho kimejificha: utomvu wa mti. Nitafika huko. Kwanza nikujibu ni kitu gani.

Kwenye picha ya ubao wa mbele naona mtu amepanda farasi, na chini ya farasi watu wanne wadogo, kila mmoja ameshika ukwato mmoja. Hao wanne ndio walionipa jibu. Mpanda farasi ni mwanamfalme Siddhartha, ambaye baadaye aliitwa Buddha, usiku ule alipotoroka kwao akamwacha mke, mtoto na mali. Farasi wake anaitwa Kanthaka. Masimulizi ya Wabuddha yanasema miungu ilizibeba kwato za farasi mikononi ili zisitoe mlio, walinzi wa lango wasiamke. Kwa hiyo hiki ni chombo cha dini, na kwa umbo lake, kirefu na chembamba, ni sanduku la kitabu.

Usishangae. Vitabu vya dini vya Waburma wa zamani havikuwa na mgongo kama Biblia ya bibi yako. Vilikuwa kurasa ndefu nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine kati ya mbao mbili. Kipo kimoja kinachoitwa kammavacha, chenye kanuni na taratibu za watawa, ambacho kurasa zake mara nyingi huwa na urefu wa nusu mita hadi sentimita 60 hivi. Familia iliagiza kitabu cha namna hiyo kijana wao alipoingia utawani, kikatolewa sadaka kwenye nyumba ya watawa. Sanduku la kutunzia maandiko huitwa sadaiki. Mengine ni makubwa kama sanduku la nguo za bi harusi kule Lamu au Unguja. Lenu limekatwa kwa kipimo cha kitabu kimoja. Bibi alipoweka hati na kadi humo hakukosea matumizi, alikosea dini tu.

Sasa habari ya jumba la mfalme. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo.

Wafalme wa mwisho wa Burma walikaa Mandalay, mji ulioanzishwa na Mfalme Mindon mwaka 1857. Jumba lake lilikuwa la msaji, ule mti ambao mjomba huenda anauita mtiki, na lilimetameta dhahabu na vioo. Mwezi Novemba 1885 Waingereza waliuteka mji, wakamsafirisha Mfalme Thibaw, mwana wa Mindon, kwenda kuishi uhamishoni Ratnagiri, India, na mali ya jumba ikatawanyika. Vyombo vya kifalme vilipelekwa London vikakaa makumbusho hadi viliporudishwa mwaka 1964. Kiti cha enzi cha simba kilipelekwa Calcutta, kikarudi mwaka 1948 nchi ilipopata uhuru, na leo kipo Makumbusho ya Taifa mjini Yangon. Kufikia vita vya babu, jumba lilikuwa limekwishapoteza hazina zake kwa miaka 60, na mwezi Machi 1945, katika mapigano ya kuikomboa Mandalay kutoka kwa Wajapani, lenyewe likateketea.

Na babu alikuwa wapi? Askari wengi wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma walikuwa katika Divisheni ya 11. Walishuka Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, kwenye matope na malaria, wakaivuka mito hadi Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba, kisha divisheni ikarudishwa India kupumzishwa. Haikufika Mandalay. Kikosi kingine, Brigedi ya 28, kiliendelea hadi mto Irrawaddy mwaka 1945, lakini Mandalay yenyewe ilitekwa na divisheni ya Jeshi la India. Kwa hiyo babu, Mungu amlaze pema, ama alikinunua kisanduku kwa mtu aliyempigia hadithi ya mfalme (wauzaji wa vitu vya kale ni walewale duniani kote), ama alikipata kwenye nyumba ya watawa iliyokimbiwa na wenyewe. Tafuteni kitabu chake cha kuachishwa jeshi. Kikitaja kikosi chake mtajua alipita njia ipi.

Kama kisanduku hakikutoka kwa mfalme, thamani yake ni nini? Ni kazi yenyewe. Waburma huiita hmanzi shwecha, kazi ya kupachika vioo na kubandika dhahabu, na katika karne ya 19, hasa enzi ya Mandalay, ilienea kila mahali: madhabahu, vinubi, vyombo vya kubebea chakula cha sadaka, masanduku kama lenu. Sikiliza inavyotengenezwa, maana matengenezo yote yanatoka humo.

Kuna mti unaoota Burma, sana upande wa milima ya Shan, ambao wataalamu huuita Gluta usitata. Hukatwa mikato kwenye gome, utomvu ukatiririka ndani ya kikombe cha mwanzi. Unatoka na rangi ya kijivu, ukikaa hewani unageuka mweusi tii. Waburma wanauita thitsi. Mti huu ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Nadhani umeshaona mikono ya watu wanaobangua korosho kule Mtwara bila glavu, mafuta ya ganda yanavyoibabua ngozi. Thitsi mbichi nayo humfanyia mtu vivyo hivyo, wengine huvimba uso mzima. Ikishakauka haina madhara, kwa hiyo msiogope kukishika kisanduku.

Maajabu yake yapo kwenye kukauka. Rangi na vanishi tulizozizoea hukauka jua likiwaka na upepo ukivuma. Thitsi inataka kinyume chake. Haikauki kwa kupoteza maji. Inakomaa kwa kuvuta hewa na unyevu, kwa nguvu ya kimeng'enya kilichomo ndani yake, mpaka igeuke kitu kigumu ambacho maji wala chumvi havikipenyi kirahisi. Mafundi wa Burma huviweka vyombo vilivyopakwa ndani ya chumba cha chini ya ardhi, chenye giza na ubaridi wa unyevunyevu, siku kadhaa kwa kila mpako. Chombo kizuri hupakwa mara nyingi. Unaweza kuanza kazi mvua za kwanza ukaimaliza mavuno yamekwisha.

Utomvu huohuo ukichanganywa na jivu lililochekechwa laini, la mifupa, la kinyesi cha ng'ombe au la pumba za mpunga, unakuwa donge linaloitwa thayo. Ni kama puti ya kuzibia madirisha, lakini fundi huikanda kama unga wa chapati. Huikunja kwa kiganja juu ya ubao ulionyunyiziwa jivu mpaka itoke kamba nyembamba kama tambi, akaizungusha juu ya ubao wa sanduku kufuata mchoro: shina la yungiyungi linalojikunja, jani, ncha ya moto. Mapambo hayo ya mashina Waburma huyaita kanoti, nayo ni mojawapo ya mambo manne ambayo mwanafunzi wa uchoraji wa jadi hufundishwa kwanza. Sura za watu na wanyama hukandamizwa kwenye kalibu au hufinyangwa kwa mkono na kijiti. Kwa maneno mengine, maua ya kisanduku chenu hayakuchongwa kwa patasi. Mjomba akitazama kwa makini pale kingo zilipovunjika ataona ndani ni hudhurungi iliyokoza au nyeusi, isiyo na nyuzi za mbao. Hiyo ndiyo thayo. Milango na dari za nyumba za watawa kweli zimechongwa, na zimechongwa vikali. Lakini sanduku la namna hii limefinyangwa.

Vioo huingia thayo ikiwa bado mbichi. Ni vipande vya kioo chembamba vilivyopakwa madini mgongoni ili virudishe mwanga, vingine vimetiwa rangi, hukatwa vidogo kama punje ya hindi au jani la mkwaju. Fundi huvikandamiza kwenye donge, kisha anazungushia kamba nyembamba ya thayo kama pete inavyoshika jiwe lake. Hakuna gundi nyingine. Ndiyo maana nimesema kinachochoka ni utomvu: kioo chenu hakikubanduka kwa kukosa gundi, kimeachiwa na pete iliyopasuka.

Dhahabu huja mwisho. Juu ya thayo hupakwa thitsi tena, mara nyingi ikiwa imetiwa zinjifuri kuifanya nyekundu, na ikifika hatua ya kunata kidogo, ukigusa kwa kidole inang'ang'ania lakini haipaki, ndipo majani ya dhahabu hulazwa juu yake. Nyuso za vioo hufutwa na kuachwa wazi. Majani hayo hutengenezwa mpaka leo Mandalay, kwenye mtaa wa wafua dhahabu. Dhahabu hupangwa kati ya karatasi maalumu za mwanzi, bunda likafungwa kwenye ngozi ya paa, na kijana aliyevua shati hulipiga kwa nyundo ya kilo 3 hivi kwa saa nyingi. Saa yao ni kifuu cha nazi chenye tundu dogo, kinaelea ndani ya bakuli la maji. Kikijaa na kuzama, muda wa mapigo umetimia. Jani linalopatikana ni jembamba kiasi kwamba ukipumua karibu nalo linakunjamana.

Sasa utaona kwa nini naikataa dawa ya mjomba. Rangi ya dhahabu ya kopo haina dhahabu. Mara nyingi ni unga wa shaba na zinki ndani ya vanishi, na shaba ikikutana na hewa na jasho la mikono inakuwa kahawia, kwenye mikunjo inaota kijani. Miaka michache tu. Dhahabu ya kweli haipati kutu kamwe. Iliyopo kwenye kisanduku chenu haikufifia. Imelika kwa kushikwashikwa, ndiyo maana migongo ya maua inaonyesha wekundu wa zinjifuri na mabonde bado yanang'aa. Tazama picha ya pembeni: utaona hata mistari ya miraba pale jani moja la dhahabu lilipopandana na jingine. Hiyo mistari haitoki kwenye kopo. Supaglu nayo hutoa mvuke unaotua kwenye kioo na dhahabu ya jirani ukaacha ukungu mweupe, na ikishashika huwezi kuibandua bila kung'oa thayo pamoja nayo.

Usidhani nasema haya kwa sababu nimezaliwa nayajua. Miaka ya mwanzo ya kazi hii mteja aliniletea sinia la Kiburma lenye vumbi la moshi. Nikachukua kitambaa chenye maji vuguvugu, nikapangusa kwa upole, nikajipongeza jinsi uchafu ulivyotoka. Nilipokikunjua kitambaa kilikuwa kinang'aa kuliko sinia. Mteja alikuwa muungwana, hakusema neno, na hilo liliniuma zaidi.

Fanyeni hivi. Vioo vyote vilivyodondoka, hata vipande, vitieni kwenye bahasha, na juu ya bahasha mwandike vilikuwa upande gani. Mkiweza, pigeni picha ya pengo lenyewe. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu ya rangi za maji, mkiisogeza polepole, na mahali ambapo dhahabu inajikunja kama ganda la kitunguu msiguse kabisa. Maji, spiriti, siki, mafuta ya nazi na dawa ya kung'arishia samani visikikaribie. Msikipulizie dawa ya wadudu. Kama ubao kweli ni msaji, mchwa hawaupendi, lakini kagueni chini. Mkiona unga mpya wa mbao, niandikieni.

Kiwekwe mbali na dirisha. Thitsi iliyostahimili maji na joto la karne nzima inashindwa na jua: mwanga mkali huivunjavunja juu kwa juu, ikapauka na kupasuka. Ukitaka ushahidi wa hali ya hewa inavyofanya, lipo jengo moja tu kubwa lililobaki la jumba lile la Mandalay. Ndimo alimofia Mindon mwaka 1878. Thibaw hakutaka kuliona, akaamuru livunjwe ubao kwa ubao na kujengwa upya nje ya kuta za jumba, likawa nyumba ya watawa. Kwa kuhamishwa huko likapona moto wa 1945. Linaitwa Shwenandaw. Zamani lilikuwa na dhahabu nje na ndani. Leo nje mvua na jua vimeacha msaji mtupu, wa kijivu na kahawia, na ukiingia ndani dhahabu ingali kwenye nguzo na dari.

Hati za shamba zitoeni, kwa faida ya hati na ya kisanduku, maana kila mfuniko unapofunguliwa kingo zinasuguana. Wala msikifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Kifunikeni kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya marashi, na kibaki palepale kilipozoea hali ya hewa. Mtu asikichukue ghafla kwenda kukaa nacho kwenye ukavu wa Dodoma. Mbao ikisinyaa na utomvu usiposinyaa, vyote vinavyobaki vitaachia.

Kuhusu kurudisha vioo: inawezekana, kwa gundi ambayo fundi wa makumbusho anaweza kuiyeyusha tena siku za usoni bila kudhuru kitu. Hiyo si kazi ya nyumbani, na haina haraka. Kwenye kumbukumbu ya bibi kiwekeni mezani kama kilivyo, watoto wasikifikie, na mweleze mjomba habari ya utomvu. Seremala atapenda kusikia.

Jambo moja la mwisho, na hili nalisubiri kwa hamu. Kigeuzeni kwa watu wawili, kitako juu, kwenye blanketi lililokunjwa, mtazame chini na ndani ya mfuniko. Sadaka za namna hii wakati mwingine huandikwa jina la mtoaji na mwaka. Herufi za Kiburma ni za mviringo, kama vipete vilivyopangwa. Wanasema ni kwa sababu ziliandikwa kwa ncha ya chuma kwenye jani la mti wa jamii ya mtende, na mstari ulionyooka ungelipasua. Mkiona safu ya vipete hivyo, hasa vinne vimesimama peke yao, huenda ni mwaka wa kalenda yao. Nipigieni picha kwa mwanga wa dirisha, bila flashi. Nitaisoma tarakimu, tujumlishe 638 tupate mwaka wetu, na kama jina lipo, mtajua kilitolewa na nani kabla babu hajakishika.